Ukitaka Kuhamia Carterton, Ifahamu Kambi Kwanza

Tangu mume wangu ahamishiwe Brize Norton, kambi ya jeshi la anga la Uingereza iliyo kando ya mji wa Carterton, Oxfordshire, na sisi tukamfuata, ndugu na marafiki walioolewa au kuoa katika jeshi la Uingereza wamekuwa wakiniuliza swali lilelile: je, Carterton ni mji wa kuishi, au ni kambi iliyozungukwa na maduka? Jibu langu ni kwamba ni mji kamili, wenye shule, zahanati, makanisa na watu ambao hawajawahi kuvaa sare, lakini bei ya nyumba, nafasi za shule, foleni za asubuhi na hata usingizi wako vitategemea maamuzi yanayofanywa kwa ajili ya kambi. Kwa hiyo yeyote anayefikiria kuhamia huku namshauri aifahamu kambi kabla hajaanza kutazama picha za nyumba.

Burford na Witney, majirani zetu, ni miji ya karne nyingi iliyotajirika kwa biashara ya sufu, ilhali Carterton ilianza mwaka 1900 hivi, pale William Carter aliponunua ardhi iliyokuwa ya Duke wa Marlborough na kuikata vipande vya kuwauzia watu waliotaka kulima na kufuga. Walowezi hao walifanikiwa zaidi kwa nyanya, walizozipanda katika nyumba za vioo. Kisha mwaka 1937 jeshi la anga likafungua kituo chake kando ya makazi hayo, na tangu hapo mji ukaanza kupanda na kushuka pamoja nacho. Tarehe 16 Agosti 1940 ndege za Ujerumani zilikishambulia na kuteketeza ndege 46 ndani ya muda mfupi. Katika miaka ya 1950 walikuja Wamarekani na ndege zao za mabomu aina ya B-47, wakairefusha njia ya kurukia hadi takriban kilomita 3, na mwaka 1965 wakaondoka, kituo kikarudi mikononi mwa Waingereza, ambao wamekifanya kuwa kitovu cha safari zao za kijeshi. Miongoni mwa askari wa Uingereza mnaowaona Nanyuki wakija mazoezini, wamo waliopandia ndege hapa.

Naitaja historia hii kwa sababu inamhusu mnunuzi wa leo. Mwaka 2011 ndege za mizigo za Hercules zilihamishwa kutoka Lyneham, katika jimbo la Wiltshire, zikaletwa Brize Norton, na pamoja nazo zikaja familia zilizohitaji nyumba, walimu na madaktari. Faida ya Carterton ilikuwa hasara ya Lyneham. Tena si mbali na hapa, Upper Heyford palikuwa na kambi kubwa ya Wamarekani iliyofungwa katika miaka ya 1990, na leo ndani ya uzio wake wa zamani wanaishi raia wa kawaida. Sioni dalili yoyote kwamba Brize Norton itafungwa, maana ndege zote kubwa za usafirishaji za jeshi la anga la Uingereza zimekusanywa hapo. Hata hivyo, mtu anayechukua mkopo wa nyumba wa miaka 25 katika mji wa namna hii anapaswa kufuatilia habari za wizara ya ulinzi kwa makini kama anavyofuatilia riba za benki.

Kuhusu nyumba zenyewe, ziko za aina mbili, na ni muhimu kujua unaingia katika ipi. Nyumba ya jeshi hupewa askari kwa ajili ya familia yake, kodi hukatwa kwenye mshahara, na akihamishwa au akiacha kazi mnaiachia. Haiwi yenu hata mkipanda maua ya namna gani. Mwaka 1996 serikali iliuza nyumba zaidi ya 57,000 za aina hiyo kwa kampuni binafsi kisha ikazipanga tena kutoka kwa kampuni hiyohiyo, uamuzi ambao kwa maoni yangu familia za askari zililipia kwa kuvumilia miaka mingi ya matengenezo duni, na ni mwaka 2025 tu ambapo sehemu kubwa ya zilizosalia ilinunuliwa tena.

Anayetaka kununua yake aangalie mwaka wa ujenzi. Upande wa kaskazini uko mtaa wa Shilton Park, uliojengwa karne hii, na mashariki mji unaendelea kutanuka, kwa sababu kusini njia ya ndege imeziba. Lakini Carterton imewahi pia kuwa na nyumba nyingi za REEMA, zilizojengwa kwa mapande ya zege yaliyotengenezwa kiwandani na kuja kuunganishwa papo hapo. Kwa macho huwezi kuitambua kila mara, maana nyingine zimepigwa lipu au kuzungushiwa matofali. Utakapojaribu kutoboa ukuta wa nje ili kuning'iniza pazia, na keekee ikaanza kulia bila kuingia, ndipo utakapojua. Benki nyingi husita kutoa mkopo kwa nyumba za namna hii, na kwa hiyo hata ukiipata kwa bei nafuu, siku ya kuiuza nawe utapata shida. Lipia mkaguzi wa majengo mapema, na umuulize waziwazi kuhusu zege.

Kelele ndizo zinazowatia watu hofu zaidi, nami naona hofu hiyo imezidi kidogo. Ndege za hapa ni za mizigo, abiria na kujaza mafuta angani, hivyo hakuna ule mpasuko wa ndege za kivita. Kinachosumbua ni injini zinapojaribiwa ardhini usiku, mngurumo wa chini usiokatika, ambao kwetu hutikisa glasi kabatini hadi zinagongana. Dalali atapenda kukuonyesha nyumba Jumapili mchana. Mwombe akupeleke siku ya kazi baada ya magharibi, mfungue madirisha ya chumba cha kulala, kisha mkae kimya kwa muda.

Shule zina utaratibu ambao familia nyingi za askari hazijui kuutumia. Kanuni za uandikishaji za England zinaruhusu mtoto wa askari kutengewa nafasi kabla familia haijahamia, mradi iwepo barua rasmi ya uhamisho, kwa hiyo peleka barua hiyo halmashauri mara tu unapoipata, usisubiri funguo za nyumba. Mwandae pia mtoto kwa jambo ambalo halimo katika fomu yoyote: darasani mwake wenzake wataondoka katikati ya mwaka na wengine watakuja, na walimu wa hapa wamelizoea jambo hilo kuliko walimu wa mji mwingine wowote niliowahi kukaa.

La mwisho ni usafiri. Mji huu wenye watu zaidi ya 15,000 hauna treni. Kituo cha treni kilifunguliwa mwaka 1944 na reli ikafungwa mwaka 1962. Basi la kwenda Oxford kupitia Witney lipo, ila hukwama katika foleni ya barabara ya A40 pamoja na kila mtu mwingine, na ukiwa na zamu ya alfajiri hospitalini litakuchosha. Utahitaji gari. Leseni ya Kenya au ya Tanzania itakuruhusu kuendesha kwa miezi 12 tangu uwe mkazi wa Uingereza, na haibadilishwi moja kwa moja kuwa ya huku, kwa hiyo lazima ufanye mtihani wa nadharia na wa barabarani. Omba leseni ya mwanafunzi mwezi wa kwanza, kwa sababu tarehe za mtihani huwa mbali, na hiyo miezi 12 ikiisha kabla hujafaulu utarudi kubandika alama ya mwanafunzi na kuendesha ukiwa na msimamizi pembeni, hata kama umeendesha lori Mombasa hadi Malaba kwa miaka.