Nimefiwa: nimwendee kocha wa maisha au mnasihi?

SWALI: Nafanya biashara ya mbao hapa Mafinga. Tangu nifiwe na mke wangu miezi mitano iliyopita sipati usingizi, chakula hakipiti, na shughuli zote nimewaachia vijana. Rafiki yangu ananisihi nimlipe kocha wa maisha, akidai kwamba mnasihi ni wa watu wenye kichaa. Tofauti yao ni ipi?

JIBU: Ndugu yangu, pole sana kwa msiba. Kocha humsaidia mtu mwenye nguvu za kutenda apange malengo, abadili kazi au akuze biashara. Mnasihi huketi na mtu ambaye nguvu hizo zimemwishia, wakatafuta pamoja kilichozimaliza. Wewe anza kwa mnasihi, lakini pima afya pia, kwa kuwa upungufu wa damu na hitilafu za tezi ya shingo huleta uchovu unaofanana na wa sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito inayodumu.

Kinachoniudhi ni hilo neno la kichaa. Wengi ninaowapokea hapa Iringa wana akili timamu: wamefiwa, wameachwa, au wamepokea majibu ya vipimo yaliyowashtua. Kwa kuogopa kuchekwa hupitia kwanza kwa kocha, kisha huja kwangu na madaftari ya malengo: kuamka saa kumi alfajiri, kukimbia, kuandika mambo matano ya kushukuru, na mbele ya kila siku iliyoshindikana, alama nyekundu ya kosa. Mtu ambaye sonona imemnyima usingizi, ukimwongezea ratiba, unampa ushahidi mpya kwamba yeye ni mzembe, na fikra hizo za kujiona hafai ndizo zinazoweza kumfikisha mahali pa kutaka kujiua.

Ukocha wenyewe ni kazi halali yenye miiko, na kocha mwadilifu akiona jambo limemzidi humwelekeza mteja kwa mtaalamu mwingine. Siwavumilii waliohudhuria semina ya siku mbili, wakachapisha mabango, wakaanza kutibu majonzi na hata kuwaachisha watu dawa walizoandikiwa na daktari. Anayekuahidi kuwa huzuni itakwisha kwa siku 21 usimpe hata shilingi. Yeyote ambaye huzuni au kukosa hamu kumemwandama karibu kila siku kwa wiki mbili au zaidi, hata awe hajafiwa, aende hospitali ya rufaa ya mkoa na kuulizia huduma za afya ya akili. Mwenye fikra za kujidhuru aende siku hiyohiyo, akisindikizwa na mtu anayemwamini.