Kioo Hakipandi? Iache Mota Kwanza

Vijana wa umeme wa magari, nawapenda lakini mnanichosha. Juzi tena, imeingia Corolla 110, kioo cha nyuma hakishuki. Kabla mwenye gari hajamaliza kueleza, dogo keshang'oa paneli ya mlango, klipu mbili zimeenda, na bosi wa watu anaambiwa mota imekufa, atoe hela mtu akimbie madukani Gerezani kununua nyingine. Kumbe kitufe cha kufunga vioo kwenye masta, ile swichi kuu ya mlango wa dereva, kilikuwa kimebonyezwa. Basi.

1. Anza na kitufe hicho, kisha fyuzi, kisha masikio yako. Mota ikinguruma na kioo hakisogei, umeme upo; tafuta reli kavu au mkono wa kupandishia uliochoka. Kukiwa kimya, bonyeza swichi huku unatazama taa ya ndani: ikififia kidogo, mota inavuta.

2. Iheshimu masta. Kwenye Toyota nyingi za miaka ya 1990, mota isipofanya kazi nyaya zake zote mbili zimekaa ethi, yaani upande hasi wa betri, na ethi hiyo inapitia masta. Abiria akibonyeza swichi yake, waya mmoja unapata moto, yaani chanya ya betri, wa pili bado unarudi kwa dereva kutafuta ethi. Kwa hiyo soda ikimwagikia masta, kioo cha nyuma kinaweza kufa na swichi yake ni nzima kabisa. Fungua, safisha vile vidoti vinavyogusanisha umeme kwa spiriti na msasa laini. Bisibisi weka chini, usivikwangue nayo.

3. Mita. Hapa niliumbuka, na ninawaona mnaelekea kule kule.

Nilikuwa kijana, mita mpya mkononi, kichwa kimevimba. Mama mmoja mwalimu akaleta gari la familia, kioo cha mbele kushoto leo kinapanda, kesho kinagoma. Nikachomoa soketi ya mota, nikaweka mita, nikabonyeza swichi: volti 12 na pointi zake. "Mama, umeme unafika. Mota ndiyo imekufa." Akanunua mota ya mtumba, nikafunga, kioo kikapanda, akalipa. Mvua za masika zikamrudisha: kiti kimelowa, na madaftari ya wanafunzi aliyoyaweka pale yamevimba, wino umetapakaa. Badala ya kunyamaza nikasema, basi itakuwa masta. Akanunua na masta. Kikapanda. Kikagoma.

Mzee wa gereji hakunigombeza. Alichukua testa yake ya balbu, ile ambayo mimi niliiona ya kizamani, akaigusisha pale pale nilipopimia. Balbu ikawa nyekundu, hafifu, ya kuonea huruma. Akaniambia nishikilie swichi, yeye akawa anaufungua na kuufunga mlango taratibu. Inang'aa, inazima, inang'aa. Akaivua ile raba yenye mikunjo kati ya mlango na nguzo, akaushika waya mmoja mnene na kuuvuta. Ganda likarefuka. Akalipasua kwa wembe: ndani shaba yote imekatika, zimebaki ncha zinazogusana kwa shida.

Mita haivuti umeme wa maana, kwa hiyo mguso hafifu kama ule unatosha kuionyesha volti 12. Mota inataka ampea kadhaa, na ukiupa mguso ule mzigo huo volti zinaporomoka. Pima soketi ikiwa imechomekwa, kwa nyuma, swichi ikiwa imebonyezwa. Na utikise mlango! Yule mama nilimrudishia hela ya ufundi tu, ya spea sikuwa nayo. Akanishukuru. Afadhali angenitukana.

4. Waya ukikatikia kwenye raba ile, usiusokote na kuuzungushia tepu hapo hapo, utakatika tena pembeni. Ongeza kipande cha waya laini wa unene ule ule, maungio yakae nje ya mkunjo.

5. Fyuzi ikiungua mara mbili, kuna shoti. Anayeweka kubwa zaidi, au kipande cha waya, asiseme alifundishwa na mimi.

6. Mteja akisema "gari lina mashetani", mara nyingi ni ethi. Ukikanyaga breki na indiketa nayo inawaka kidogo, nenda kwenye ethi ya taa za nyuma, uiache relei ya watu. Betri iliyojaa na kutulia isome kama volti 12.6, injini ikiunguruma kati ya 13.5 na 14.5. Nje ya hapo, shughulikia chaji kwanza, vioo baadaye. Na ukikuta alamu ya kufungiwa mtaani, fuatilia maungio yake yote chini ya dashibodi, kwa sababu aliyeifunga alikuwa na haraka, siku zote.

7. Ile nailoni nyuma ya paneli si takataka. Mnaichana, mnaitupa, mwezi ujao mteja analalamika zulia linanuka na swichi ya mlango imeota kutu. Maji hupita kwenye raba za kioo kila mvua inaponyesha, hiyo ni kawaida. Nailoni ndiyo inayoyazuia yasije upande wa abiria. Ukiwa umeshaichana, kata nailoni ngumu kwa umbo lile lile, ibandike pande zote, ukingo wa chini uingie ndani ya bati la mlango, na uzibue kwa waya matundu ya kutolea maji kule chini.