Kwa nini kichwa cha treni hubaki na rangi ya kampuni iliyokwisha kuunganishwa?

SWALI: Shikamoo mhandisi. Naishi Fort Worth, Texas, na reli ya mizigo inapita nyuma ya ghala ninapofanya kazi. Treni nyingi ni za BNSF, vichwa vyake vya rangi ya chungwa. Juzi kilipita kimoja chekundu na fedha, kimepauka, ubavuni kimeandikwa Santa Fe kwa herufi kubwa. Nimeambiwa Santa Fe iliungana na wenzake miaka ya tisini. Kampuni kubwa hivyo imeshindwa kupaka rangi? Na nitajuaje kama ni rangi ya zamani kweli au imepakwa juzi kwa kumbukumbu?

JIBU: Marahaba. Umeambiwa kweli: Burlington Northern na Santa Fe ziliungana Septemba 1995, na ndiyo BNSF unayoiona, na reli zenyewe zikawa moja kisheria mwisho wa Desemba 1996. Kupaka hawakushindwa. Ni kwamba kichwa hakihitaji rangi mpya ili kiruhusiwe kuvuta mzigo.

Sheria ya shirikisho ya Marekani inataka nambari ya kichwa isomeke vizuri kila ubavu, na herufi F iandikwe karibu na upande unaohesabiwa kuwa mbele. Rangi ni hiari ya mwenye mali. Nambari ndiyo kila kitu: kwa nambari hiyo dereva huitwa redioni na kupewa ruhusa ya njia, na kwa hiyo hiyo karakana huweka kumbukumbu za ukaguzi. Kampuni mbili zikiungana huku kila moja ina kichwa chenye nambari ileile, hapo kuna hatari, na ni lazima kimoja kibadilishwe upesi.

Basi mafundi hufanya kilicho cha lazima tu. Huziba nambari ya zamani chini ya dirisha la dereva kwa kiraka cha rangi au stika, huandika mpya, hubadilisha na vibao vya nambari vya mbele na nyuma, kazi imekwisha. Union Pacific ilipoichukua Southern Pacific mwaka 1996, vichwa vingi vya kijivu vyenye pua nyekundu viliendelea na safari vikiwa na kiraka cha manjano ubavuni. Kama nambari haikugongana na ya mwenzake, hata kiraka kikubwa hakihitajiki. Zinaongezwa herufi za kampuni mpya tu. Kitazame tena kichwa chako kikipita: chini ya dirisha, karibu na nambari, tafuta BNSF kwa herufi ndogo.

Kupaka kichwa kizima ni habari nyingine. Ni chuma chenye urefu wa zaidi ya mita 20, na ubavu wake wote ni milango, bawaba, matundu ya hewa na mabomba. Unakiosha mpaka grisi itoke, unapiga msasa, unaziba kutu, unafunika vioo na taa, unapiga rangi ya msingi, kisha ya juu, kisha unasubiri ikauke. Siku zote hizo kichwa kimesimama, hakivuti kitu, na nafasi ya karakana wanaisubiri wenye mitambo mibovu. Ndiyo maana rangi hungoja kichwa kiingie matengenezo makubwa au kigongwe. Na kama ni cha kukodi na mkataba unakaribia kwisha, au kimeshawekwa kwenye orodha ya kustaafu, hakuna meneja atakayekubali gharama hiyo. Ningekuwa mimi nisingekubali pia, ingawa rangi ile ya Santa Fe naipenda sana. Ilibuniwa na msanii wa General Motors, Leland Knickerbocker, mwaka 1937, ikifuata umbo la kilemba cha manyoya cha Wahindi Wekundu, na sijaona pua ya treni iliyopendeza kuishinda.

Kupauka kwake kuna sababu. Jua hula gundi inayoshika chembe za rangi, na nyekundu huumia mapema. Ukipitisha kiganja kwenye ubavu wa namna hiyo, kinatoka na unga mwekundu kama umeshika chaki. Unga huo ni adui wa kiraka. Karakana moja niliyofanyia kazi tulibandika stika juu yake bila kuusugua kwanza, na baada ya mvua chache kona zikaanza kunyanyuka, nambari ya zamani ikachungulia chini ya mpya. Tulirudia kazi yote.

Sasa swali lako la pili. Angalia umri wa mtambo kabla ya rangi. Union Pacific, kuanzia 2005, ilipaka vichwa sita vya aina ya SD70ACe kwa rangi za kampuni ilizozimeza. Nambari zake ni miaka ya miungano: 1982 ni Missouri Pacific, 1996 ni Southern Pacific. Norfolk Southern ilifanya hivyo kwa vichwa 20 mwaka 2012. Mitambo hiyo ilitengenezwa miaka mingi baada ya kampuni hizo kutoweka, kwa hiyo rangi ni ya heshima tu: inang'aa, haina kiraka. Ya kurithi imechakaa na ina kiraka au herufi za nyongeza.

Rangi ya kurithi iliyodumu kuliko nyingi ninazozijua ni ya kichwa nambari 5371 cha kampuni ya reli ya Rio Grande, nyeusi yenye maandishi ya chungwa. Mwaka 1988 mwenye Rio Grande aliinunua Southern Pacific na jina la Southern Pacific ndilo likatumika, kisha 1996 zote zikaingia Union Pacific. Kichwa hiki kilivuka yote mawili bila kupakwa wala kutiwa kiraka. Ni cha kupanda milima, kinavuta hewa ya kupooza kutoka chini karibu na sakafu, kwa sababu ndani ya handaki joto na moshi hujikusanya juu. Kilistaafu 2008 na kimo kwenye makumbusho ya reli huko Ogden, Utah. Ukipata likizo, nenda ukasome nambari yake mwenyewe.