Mwanangu, kabla Zuhura hajalala kwa watu

Mwanangu Mwanaidi,

Salamu nyingi kutoka Tanga. Sisi hatujambo. Baba yako mguu umepungua kuvimba, ameanza tena kwenda msikitini kwa miguu yake, na mwembe wa uani umezaa mpaka tunagawa.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza na kuurudia. Umesema mwanao Zuhura amealikwa kulala kwa mwenzake wa darasani huko Mbezi, usiku wa sherehe yake ya kuzaliwa, yeye na wasichana wengine wanne. Baba yake amekataa katakata, na mtoto tangu juzi hasemi na mtu. Ukamalizia kwa kuniuliza: "Mama, mbona sisi ulikuwa ukituacha tulale kwa watu?"

Kwa watu gani, mwanangu? Nyinyi mlilala kwa bibi yenu Muheza, kwa shangazi yenu Pangani, na wewe ulilala kwa mama Tatu, nyumba ya pili kutoka kwetu. Kote huko nilikuwa nimeingia mpaka uani. Nilijua choo kiko wapi, mlango wa nyuma unafungwa na nani, na nani analala chumba gani. Mtoto halali nyumba ambayo mama yake hajanywa maji. Mmenisikia nikilisema hilo mpaka mkawa mnanitangulia kulimaliza, na bado sijaona sababu ya kuliacha.

Shangazi yenu wa Pangani unajua alivyochukia. Likizo ya kwanza mlipotaka kwenda kwake nilivuka kivuko cha Bweni na nyinyi, nikakaa kwake mpaka alasiri, nikamuuliza: wifi, hawa watalala wapi, na wale vijana wa dau la mumeo wanalala wapi? Akaweka chini kisahani cha halua. "Unanihesabia watu nyumbani kwangu?" Nikamwambia ndiyo, nawahesabu. Nikamwambia pia kwamba wewe ulikuwa bado unakojoa kitandani, akuamshe saa tano, asikucheke mbele ya wenzako. Alininunia mpaka Maulidi. Lakini mlilala chumbani kwake, mzungu wa nne na binamu zenu, chandarua kimoja, na mlirudi mmenenepa. Kununiwa na wifi hakukunipunguzia kitu.

Sasa nikuambie la mama Tatu, maana najua unalikumbuka kwa upande wako wa kitoto tu.

Ilikuwa Idi ya mwaka 1998, zile mvua za El Niño bado hazijatuacha, barabara zote za Ngamiani matope. Shangazi yako mdogo alikuja kuwapaka hina. Alikuwa ameichanganya kwa maji ya ndimu tangu asubuhi, akachonga njiti ya kiberiti, akaanza na wewe, kisha Tatu. Mlikaa kwenye mkeka ukumbini, miguu mmeinyoosha, mikono mmeipanua. Mama Tatu mwenyewe alikuwa ameniambia mchana kwamba Tatu atalala kwetu, kwa sababu hina ikishapakwa mtoto hashiki kitu mpaka alfajiri. Mifuko ya rambo ya kuwafunga mikono nilikuwa nimeiosha na kuianika. Unga wa vitumbua ulikuwa umeshaumuka.

Saa tatu na nusu mama Tatu akaingia, kanga kichwani, imelowa. Hakukaa. Akasema, "Tatu, twende, una kikohozi." Mtoto hakuwa na kikohozi chochote. Mkono wa kulia ulikuwa umekwisha, maua mpaka kwenye ncha za vidole, na wa kushoto shangazi yako alikuwa amefika kwenye kiganja. Alinyanyuliwa hivyo hivyo. Hina ikamgandia kwenye gauni, na ule mkono wa kushoto ukavurugika wote. Wewe ulilia mpaka ukalala. Siku ya Idi Tatu alipita akiwa ameuficha mkono nyuma.

Mimi nilijua. Alipokuwa akipita barazani alimkuta mjomba wako Hemedi amekunja mkeka wake, kama anayesubiri sisi tutulie ili atandike. Alikuwa na mwezi mmoja hivi tangu aje kutoka Lushoto, anafanya kibarua bandarini, na analala pale ukumbini, karibu na mlango wa uani, mahali ambapo kila anayekwenda chooni usiku lazima apite. Mama Tatu alimwona, akaona wasichana, akapiga hesabu yake.

Mwanangu, lile liliniuma, na linaniuma ninapokuandikia. Wewe ulikuwa umelala kwake mara nyingi, na kwake kulikuwa na kaka zake Tatu wawili wakubwa. Mimi nilikwenda, nikauliza, nikajibiwa, nikakuacha. Yeye hakuniuliza. Angeniuliza, "Mama Mwanaidi, huyu kijana analala wapi leo?" ningemjibu kwamba leo anakwenda kulala kwa imamu, kwa sababu nilikuwa nimeshapanga hivyo! Godoro lilikuwa limetangulia. Alikuwa anasubiri mvua ipungue.

Na aliyeumia zaidi ni Hemedi mwenyewe. Alisikia kile kikohozi cha uongo akakielewa upesi kuliko mimi. Siku ya Idi hakula pilau ndani, alikula barazani. Mpaka leo, mtu mzima mwenye wajukuu, akija mtoto wa kike wa mtu nyumbani kwake utamwona anachukua redio yake anatoka nje. Hakuna aliyemwambia atoke.

Sasa baba yako ananisikia nikisimulia haya anasema: lakini mama Tatu alikosa nini? Aliona kijana asiyemjua, akamchukua mwanawe. Wewe ulimfanyia nini wifi yako Pangani kama si hicho hicho? Nimelifikiria sana hilo. Si hicho hicho. Mimi nilimuuliza mwenye nyumba usoni, nikampa nafasi ya kunijibu na ya kunikasirikia. Lakini tena najiambia, labda mama Tatu hakuwa na kinywa cha kuuliza. Wapo wanawake ambao wangekufa kuliko kutamka jambo hilo mbele ya jirani. Na kama ni kuchagua kati ya jirani kununa na mtoto kudhurika, hata mimi ningemnyanyua mtoto na hina yake mbichi. Hapo namwelewa. Halafu namkumbuka Hemedi na sahani yake barazani, moyo unakataa tena.

Nilipokuwa bado nafundisha, mwaka 2011, yalitoka matokeo ya ule utafiti wa kitaifa wa ukatili dhidi ya watoto, uliofanywa 2009 na UNICEF, CDC, kituo cha kudhibiti magonjwa cha Marekani, na Chuo Kikuu cha Muhimbili. Mwalimu mwenzangu aliyasoma kwa sauti ofisini. Karibu wasichana 3 katika kila 10, na mvulana 1 katika kila 7, walisema walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kufika miaka 18. Ofisi nzima ilinyamaza. Kila mmoja wetu alikuwa anahesabu madawati ya darasa lake. Na majirani walikuwa miongoni mwa waliotajwa sana, watu wa kuombana chumvi.

Ndiyo maana swali lako naliona limekaa upande mmoja. Mnaogopa nyumba ya mwanafunzi mwenzake kwa sababu hamuijui. Vizuri, ogopeni. Lakini Desemba iliyopita mlimpakia Zuhura basi kwenda kwa ndugu wa baba yake ambaye hamjamwona tangu harusi yenu, akakaa wiki tatu. Nani aliuliza huko analala na nani? Uliponiambia "ni ndugu, mama," nilinyamaza kwa sababu si nyumba yangu kuisemea. Leo umeniuliza, nakuambia: neno ndugu halifungi mlango usiku. Ulizia kwa ndugu, ulizia kwa rafiki, ulizia hata hapa kwangu. Wajukuu wakija, uliza: mama, nani yupo nyumbani? Sitanuna. Labda nitanuna asubuhi moja.

Na baba Zuhura nisimseme vibaya, ni mkwe mwenye adabu na anampenda binti yake. Ila mwaka 2023 alikuwa ameshaulizia bweni huko Moshi, mtoto yuko darasa la pili, mpaka serikali ilipotoa waraka wa kusitisha bweni kwa watoto wa awali hadi darasa la nne. Mtoto alikuwa alale na watu asiowajua muhula mzima, na hilo aliliona malezi. Usiku mmoja Mbezi anauona ni uhuni wa kizungu. Mweleze kwa upole, ukiwa umemwandalia chakula, na usimwambie kwamba limetoka kwangu.

Huyo mama wa Mbezi umewahi kukaa sebuleni kwake? Kusalimiana getini wakati wa kuchukua watoto sikuhesabu. Mpigie, mwambie unataka kupita. Ukifika muulize bila kuzunguka: usiku huo watakaolala ndani ni nani na nani, kuna kaka, kuna mjomba, kuna dereva, wasichana watalala chumba gani, simu zitakuwa kwa nani, na yeye mwenyewe atakuwepo mpaka asubuhi au ataondoka awaachie dada wa kazi. Akikujibu vizuri, mshukuru. Akikasirika, mwangalie anavyokasirika, maana wifi yangu alikasirika na bado akanionyesha chumba. Ni yule anayekasirika na kukunyima jibu ndiye wa kumwogopa.

Na Zuhura mwenyewe muulize. Anajua namba yako kwa kichwa? Anaijua 116, ile namba ya simu ya msaada kwa watoto? Anajua kwamba akitaka kurudi saa nane usiku, hata kama ni kwa sababu ya giza tu, utakwenda kumchukua na hutamgombeza njiani? Yule mtoto ni mnyamavu kama baba yake. Wewe ulikuwa ukipiga kelele hata kwa kuumwa na mbu, kwa hiyo kukuacha kwa watu kulikuwa rahisi zaidi.

Najua unataka niseme aende au asiende. Ulimi unaniwasha, Mwanaidi, na jibu ninalo. Lakini nikilisema, baba yake atasikia kwamba bibi ameamua, na hapo nyumbani kwako hapatakaa vizuri. Naliacha.

Hukuniambia sherehe ni tarehe ngapi. Baba yako ana kliniki tarehe 14, na mimi naweza kupanda basi la asubuhi kesho yake. Kama mwaliko ni baada ya hapo, msubirishe huyo mama, twende wote. Nitakuja na maembe, tusiingie mikono mitupu.

Mama yako