Mwanamaji Alijiandikisha, Jirani Hakuulizwa

Swali la wiki hii lilitaka kujua kwa nini watu huvivumilia vinu vya nyuklia vilivyomo ndani ya nyambizi za kivita, ilhali wanaviogopa vile vya kuzalisha umeme. Mimi, niandikaye kutoka Mtwara, sidhani kwamba usalama peke yake unatosha kuieleza tofauti hiyo.

Ni kweli kwamba tangu nyambizi Nautilus ianze kusafiri kwa nguvu za nyuklia mwaka 1955, jeshi la majini la Marekani halijatangaza ajali ya kinu melini (nami nalipima neno "kutangaza"). Vinu vyake ni vidogo kuliko vya mitambo ya umeme, vimezungukwa na bahari, na Admeri Hyman Rickover, aliyeusimamia mpango huo kwa zaidi ya miaka 30, aliwasaili maofisa wake mmoja mmoja kabla ya kuwapokea. Kule Fukushima, kwenye kituo cha umeme wa nyuklia nchini Japani, mwaka 2011, vinu vilivyokuwa vikifanya kazi vilijizima tetemeko lilipopiga, lakini tsunami ikazamisha jenereta za dharura, na joto lililosalia ndani ya vinu likakosa maji ya kulipoza.

Hata hivyo, jeshi si moja. Mwaka 1961 nyambizi ya Kisovieti K-19 ilipoteza maji ya kupozea kinu. Mabaharia 8 waliohusika na ukarabati wa dharura walikufa kwa mionzi ndani ya wiki chache, na umma haukuelezwa hadi dola hiyo ilipokaribia kusambaratika. Baharia angalau alikuwa chini ya kiapo. Mkazi wa pwani ambako nyambizi hutia nanga hakuapa wala hakuulizwa, na kimya chake tunakiita kukubali. New Zealand, ambako watu waliulizana waziwazi, sheria ya mwaka 1987 ilizifungia bandari meli zinazoendeshwa kwa nyuklia.

Mwaka 2013, watu wa Mtwara walipolipinga bomba la kupeleka gesi Dar es Salaam, sikumsikia jirani aliyeogopa mlipuko. Walichouliza ni gesi ya Mnazi Bay, inayochimbwa huku kwetu, itawaachia nini. Urani nayo, madini yanayotoa fueli ya vinu, ipo jirani, Mkuju, wilayani Namtumbo. Mhandisi atakayekuja siku moja kupendekeza kinu huku kusini, akiwa na takwimu zake za vifo, atakaribishwa kwa adabu, kisha ataulizwa taarifa za hitilafu ndogo ndogo zitasomwa na nani, taka za mionzi zitahifadhiwa wapi, na kama umeme wenyewe utawaka Mtwara au utapita tu juu ya mapaa yetu.