Nataka Wapendane Wafike: Maswali Yenu Kuhusu Riwaya za Mapenzi

*Shikamoo dada. Kila riwaya ya mapenzi ninayoazimwa inaniliza. Ama mmoja anakufa, ama anaozwa kwingine. Hakuna ambayo watu wanapendana wakafika? (Msomaji, Morogoro)*

Marahaba. Umeuziwa mbuzi kwenye gunia. Kuna hadithi yenye mapenzi ndani yake, na kuna riwaya ya mapenzi hasa. Hii ya pili humwekea msomaji ahadi: wateseke watakavyoteseka, ukifika ukurasa wa mwisho utawakuta pamoja. Ukiazima kitabu, uliza kwanza kama kina ahadi hiyo.

Kama Kiingereza hakikusumbui, tafuta *Indigo* ya Beverly Jenkins, Mmarekani mweusi, kilichotoka mwaka 1996. Hester alizaliwa mtumwa, na viganja vyake vingali na rangi ya nili aliyofanyishwa kazi utotoni. Sasa ni mtu huru huko Michigan, mwaka 1858, naye anawaficha nyumbani kwake watumwa wanaotoroka. Usiku mmoja analetewa mwanamume aliyepigwa vibaya, mwenye kiburi na mdomo mchafu, ambaye ndiye mtoroshaji anayesakwa kuliko wote. Hofu ipo na usaliti upo, ila ahadi imetimizwa. Mimi nilikisoma mara mbili, na mara ya pili nilikuwa navizia tu kurasa anazomshika ile mikono.

*Dada, kwani sisi Waswahili hatuna? Au mapenzi yameumbwa kwa Kiingereza? (Msomaji, Tanga)*

Tunayo tele, tena matamu. Tatizo ni ile ahadi: waandishi wetu wakubwa hawakuiweka. Chukua *Vuta n'kuvute* ya Adam Shafi (1999). Yasmin ni binti wa Kihindi, Unguja ya miaka ya hamsini, anaozwa kwa Bwana Raza, mtu wa makamo ya babake. Anatoroka, anahamia mtaa wa Ng'ambo, mjini Unguja, kwa shoga yake Mwajuma, halafu moyo unamwangukia Denge, kijana aliyesoma Urusi na anayewindwa na polisi wa Mwingereza kwa ajili ya siasa. Taarab, vicheko vya Mwajuma, vikaratasi vya siri, vyote vimo. Mwisho sikwambii, ila usiende na matarajio ya yule mwenzako wa Morogoro. Denge ana mpenzi mwingine, na huyo ni nchi. Mwaka 2021 Amil Shivji aliigeuza filamu. Itazame, lakini soma kwanza, maana kwenye kitabu utamsikia Mwajuma akisema mpaka uchoke kucheka.

Ukitaka ya zamani zaidi, yaani mapenzi ya kijijini Unguja kabla ya Mapinduzi, tafuta *Kurwa na Doto* ya Muhammad Saleh Farsy (1960). Ni nyembamba, inamalizika siku moja.

*Asalaam aleykum. Mimi napenda mapenzi lakini sipendi kuingizwa chumbani kwa watu. Kuna vitabu vya heshima? (Msomaji, Mombasa)*

Waaleykum salaam. Vipo, na kimoja kati ya hivyo ndicho ningekiokoa nyumba ikiwaka moto: *The Translator* ya Leila Aboulela, Msudani (1999). Sammar ni mjane, mfasiri wa Kiarabu katika chuo kikuu cha Aberdeen, Uskoti. Mtoto amemwacha Khartoum. Baridi, upweke, chumba kitupu. Anampenda Rae, msomi anayeujua Uislamu vitabuni lakini si Mwislamu. Hapo pana ukuta, na hakuna anayejifanya haupo. Hawagusani, na bado utajikuta unashika pumzi wakizungumza kwenye simu.

Ukitaka cha kuchekesha, *Ayesha at Last* ya Uzma Jalaluddin (2018) kiko Toronto. Ayesha ni mwalimu mwenye ulimi wa mashairi, Khalid ni kijana wa ndevu na kanzu anayedhani mamake atamchagulia vyema. Ni *Pride and Prejudice*, ile riwaya maarufu ya mapenzi ya Mwingereza Jane Austen, iliyohamia msikitini.

*Niko zamu za usiku wodini. Nipe kitabu kisichozidi zamu moja. (Muuguzi, Dodoma)*

Vile vijitabu vyembamba vya Mills & Boon, vinavyopangwa chini kwa wauza vitabu vya mtumba. Kampuni hiyo ilianzishwa London mwaka 1908, na ina mfululizo mzima wa madaktari na wauguzi. Daktari ni mrefu, amenuna, ana siri. Utacheka, maana katika hospitali zile glavu haziishi na hakuna wagonjwa wawili kitanda kimoja. Ila angalia nyuma ya jalada kabla ya kununua. Vingine ni vya moto kuliko picha inavyoonyesha.

*Mimi ni mwanaume, fundi gereji. Nikionekana na kitabu cha mapenzi wananitania. Nifanyeje? (Msomaji, Nakuru)*

Funga jalada kwa gazeti, kaka. Kisha soma *Outlander* ya Diana Gabaldon (1991): nesi wa vita anagusa jiwe mwaka 1945, anaibukia Uskoti ya 1743 katikati ya mapanga. Ni kinene, wenzako watadhani ni kitabu cha injini. Mapenzi yamo mengi, na mengine si ya kusoma mbele ya mama mkwe.

*Kuna mtu ananitumia hadithi WhatsApp. Sehemu ya kwanza bure, kuanzia ya pili nalipa elfu moja moja. Nimefika ya kumi na tisa. (Msomaji, Mbagala)*

Elfu kumi na nane tayari! Muulize leo hii hadithi ina sehemu ngapi. Akisita, ujue naye bado hajui nani atamwoa nani.