Ukichagua chuo cha sanaa huria Marekani kusomea uchumi, tazama mwaka wa tatu

Kila ifikapo mwisho wa Machi, majibu ya vyuo vya Marekani yakishatoka, naanza kupokea ujumbe unaofanana: nimekubaliwa vyuo viwili vitatu vya sanaa huria (vile vidogo vya shahada ya kwanza, vinavyofundisha masomo ya kila aina), vyote vina sifa nzuri, nataka kusoma uchumi, niende kipi? Mara nyingi anayeuliza ameshavipanga vyuo vyake kwa kufuata orodha za ubora, na kinachomsumbua ni kwamba cha nne na cha tisa vimepishana padogo mno. Mimi nilisoma uchumi katika chuo cha aina hii nikiwa na visa ya F-1, ile ya wanafunzi wa kigeni, na ushauri wangu ni mmoja: achana na orodha, ujiulize maisha yako yatakuwaje hapo mwaka wa tatu na wa nne.

Mwaka wa kwanza vyuo hivi hufanana sana. Nenda Williams au Amherst kule Massachusetts, Swarthmore Pennsylvania, Grinnell Iowa au Macalester Minnesota, utakuta madarasa madogo, maprofesa wanaofundisha wenyewe badala ya kuwaachia wasaidizi, na uhuru wa kuonja masomo kabla ya kutangaza somo kuu, kwa kawaida mwishoni mwa mwaka wa pili. Wote watakufundisha utangulizi wa uchumi vizuri. Tofauti huanza pale unapomaliza maikro (uchumi wa kaya na kampuni), makro (uchumi wa nchi nzima) na ekonometriksi (takwimu za uchumi), ukataka kwenda mbele zaidi.

Hapo ndipo idara inapopimwa. Uchumi ni miongoni mwa masomo makuu yenye wanafunzi wengi kabisa katika vyuo hivi, kwa hiyo uwiano wa wanafunzi kwa profesa unaotangazwa na chuo kizima hauelezi foleni utakayoikuta kwenye kozi za juu za uchumi. Usiridhike na orodha ya kozi iliyo kwenye tovuti ya idara, maana hiyo huwa na kozi zisizofundishwa kwa miaka. Tafuta ratiba halisi za mihula ya miaka miwili iliyopita. Angalia kozi ngapi za juu zilifundishwa kweli, zina nafasi ngapi, na nani alizifundisha: profesa wa kudumu au mgeni wa mwaka mmoja. Idara ya watu kumi ikiwa na wawili kwenye likizo ya utafiti, eneo zima la uchumi linaweza kupotea mwaka huo. Mimi yalinikuta: kozi ya uchumi wa maendeleo niliyokuwa naingojea haikufundishwa mwaka wangu wa tatu, na aliyekuwa anaiweza alikuwa mmoja tu.

Njia mojawapo ya kuukwepa upungufu huo ni vyuo vyenye majirani. Mwanafunzi wa Pomona, California, anakwenda kwa miguu kusoma kozi Claremont McKenna. Wa Amherst anaweza kujiandikisha kozi Smith, Mount Holyoke au UMass Amherst, ambacho ni chuo kikuu chenye programu yake ya uzamivu wa uchumi. Swarthmore ina ushirika kama huo na Haverford na Bryn Mawr, ingawa huko itabidi upande basi, na ratiba ya basi ina maana kubwa kuliko unavyodhani ukiwa na kozi nne na kazi ya maktaba. Williams haina majirani wa namna hiyo, lakini ina Kituo cha Uchumi wa Maendeleo ambacho tangu 1960 kimekuwa kikisomesha maofisa wa serikali kutoka nchi zinazoendelea, na wanafunzi wa shahada ya kwanza wanaweza kuingia baadhi ya kozi zake. Kukaa darasani na mtu aliyetoka wizara ya fedha au benki kuu, mkajadili mfumuko wa bei aliopambana nao kazini, ni elimu ambayo orodha za ubora haziihesabu. Ningekuwa na lengo la kufanya kazi ya sera, kwangu hilo lingekuwa na uzito mkubwa.

Halafu kuna hisabati, na hapa naomba unisikilize kwa makini kama unawaza uzamivu. Vyuo vingine vina kozi mbili za maikro ya kati, moja inayotumia kalkulasi kwa uzito na nyingine isiyotumia. Vingine vina moja tu, ya kati kwa kati. Uliza. Kamati za udahili wa uzamivu wa uchumi hutaka kuona kalkulasi ya vigezo vingi, aljebra ya matriki, nadharia ya uwezekano, na hasa kozi ya uchanganuzi wa namba halisi, ile ya kuthibitisha kila kitu kwa hoja. Edward Prescott, aliyepata Nobel ya uchumi 2004, alihitimu Swarthmore 1962 akiwa amesoma hisabati, si uchumi. Kwa hiyo unapokagua idara ya uchumi, ikague na ya hisabati, uone kozi hizo zinatolewa kila mwaka au kwa kupokezana. Ukikuta chuo ambako uchanganuzi hufundishwa mwaka mmoja na kurukwa unaofuata, panga ratiba yako ya miaka minne karatasini kabla hujakubali nafasi.

Uliza pia tasnifu ya mwaka wa nne. Kuna mahali iko wazi kwa kila anayetaka, na kuna mahali huruhusiwi bila alama za kiwango fulani. Swarthmore ina mpango wa heshima ambao mwishoni unatahiniwa, pamoja na mahojiano ya ana kwa ana, na wataalamu wanaoletwa kutoka nje ya chuo. Si wa kila mtu, lakini anayependa kusoma kwa kina asiupite bila kuutazama.

Sasa nije kwenye jambo ambalo wanafunzi wa Kimarekani hawalazimiki kulifikiria kabisa, na ndiyo maana hutalisikia kwenye ziara za chuo. Kila somo kuu lina msimbo wake wa serikali, uitwao CIP, na huandikwa kwenye I-20, fomu ambayo chuo hukupa kwa ajili ya visa. Uchumi wa jumla ni 45.0601. Ekonometriksi na uchumi wa kiasi ni 45.0603. Tarakimu hiyo moja ya mwisho inakuamulia mengi, kwa sababu msimbo wa pili umo kwenye orodha ya masomo ya sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati, na wa kwanza haumo. Kwa kanuni zilizopo, mhitimu mwenye F-1 anaruhusiwa kufanya kazi miezi 12 kwa OPT, kibali cha kufanya kazi inayohusiana na alichosomea. Mwenye msimbo wa sayansi anaweza kuongezewa miezi 24, alimradi mwajiri wake amejisajili katika E-Verify, mfumo wa serikali wa kuhakiki kama mfanyakazi anaruhusiwa kufanya kazi Marekani.

Miezi hiyo ina maana gani? Ukitaka kubaki kazini baada ya OPT, kwa kawaida mwajiri hukuombea H-1B, visa ya kazi ya wataalamu. Visa hizo zina kikomo cha 65,000 kwa mwaka, na nyongeza ya 20,000 kwa wenye shahada za juu za vyuo vya Marekani. Waombaji huzidi nafasi, hivyo si kila anayeomba huchaguliwa, na usajili hufanyika mara moja kwa mwaka, kwa kawaida Machi. Mwenye miezi 12 mara nyingi huwa na nafasi moja tu ya kujaribu. Mwenye 36 anaweza kujaribu tena na tena huku akiendelea na kazi. Waajiri wanalijua hilo, na fomu nyingi za maombi huuliza waziwazi kama utahitaji kudhaminiwa visa. Kwa miaka ya karibuni vyuo kadhaa vimebadilisha msimbo wa uchumi, vingine vimeacha uchumi ulivyo na kuanzisha somo kuu la uchumi wa hisabati pembeni, na vingine havijagusa kitu. Usikisie. Andikia ofisi ya wanafunzi wa kimataifa swali la mstari mmoja: msimbo wa CIP wa somo kuu la uchumi ni upi, na je, utabaki huo kwa wanaoanza mwaka huu? Kanuni za uhamiaji hubadilika, lakini msimbo mzuri haukupunguzii kitu.

Wakati huohuo waulize kuhusu kibali cha CPT, kile cha kufanya mafunzo ya vitendo nje ya chuo kabla ya kuhitimu. Sharti lake ni kwamba mafunzo yawe sehemu ya masomo yako. Kuna vyuo vyenye kozi maalumu ya kutimiza sharti hilo kila kiangazi, na kuna vingine ambavyo utahangaika kumtafuta profesa wa kukusimamia huku mwajiri anasubiri. Na kama utafiti ndio unaokuvutia, kumbuka kwamba vyuo vikuu haviguswi na kile kikomo cha H-1B, kwa hiyo idara inayowapeleka wahitimu wake kuwa wasaidizi wa utafiti vyuoni inakufungulia mlango ambao benki za New York hazina.

Mahali chuo kilipo nitapita haraka. Mji mkubwa jirani, kama ilivyo kwa Macalester, unarahisisha mafunzo ya vitendo wakati wa muhula. Mji mdogo unakupa ukaribu na maprofesa. La muhimu kwa anayetoka mbali ni kama mabweni hufungwa likizo ya Desemba, na nani anagharimia ukibaki.

Fedha sasa. Amherst na Bowdoin hudahili wanafunzi wa kigeni bila kutazama uwezo wa kulipa, Bowdoin ikiwa imeanza 2022. Vingi vingine hutazama, lakini vikikukubali vinaahidi kuziba pengo lote la mahitaji yako. Ukishakubaliwa, hiyo si hoja tena. Hoja ni barua ya msaada. Katika vyuo hivi gharama nzima ya mwaka imevuka dola 80,000, kwa hiyo ukubwa wa ruzuku usikubabaishe, tazama kinachobaki kwako. Tenga ruzuku na mkopo. Williams, kwa mfano, iliondoa mikopo na sharti la kazi katika msaada wake tangu 2022, wakati barua nyingine huhesabu mkopo na mshahara wa kazi ya chuoni kana kwamba ni zawadi. Ongeza bima ya afya, nauli ya ndege, na mchango unaotarajiwa kutoka kwenye kazi zako za kiangazi. Zidisha kwa minne, na uulize kama ruzuku itapanda ada zikipanda.

Usisahau kodi. Sehemu ya ruzuku inayolipia chumba na chakula huhesabiwa kuwa kipato, na mwenye F-1 hukatwa asilimia 14 isipokuwa nchi yake ina mkataba wa kodi na Marekani. Ruzuku ya chumba na chakula ya dola 18,000 inazaa kodi ya dola 2,520, na deni hilo hujitokeza kwenye akaunti yako ya chuo katikati ya muhula. Kuna vyuo vinavyolilipa, na kuna visivyolilipa.

Barua mbili zikipishana, andikia ofisi ya fedha ya chuo unachokipenda kabla ya Mei 1, siku ambayo vyuo vingi hudai amana. Ambatisha barua ya chuo kingine, eleza kwa namba familia yako inaweza kulipa kiasi gani, na taja kilichobadilika tangu ujaze CSS Profile, ile fomu ya kuombea msaada wa fedha, iwe ni kazi iliyopotea au sarafu iliyoshuka. Fanya hivyo sasa, kwa sababu vyuo vingi havimruhusu mwanafunzi wa kigeni kuanza kuomba msaada akishaingia. Jibu likichelewa, omba kwa maandishi uongezewe siku za kulipa amana, na barua pepe yao itunze.